Vigingi Vyekundu kwenye Karanga za Dada

Ukitaka kuona watu wakipagawa huku kwetu, huhitaji kupiga ngoma wala kuitisha mkutano wa siasa. Toka nje na karatasi ya ramani, ikunjue mbele ya macho, kisha kitazame kilima chochote kwa makini. Kabla hujaikunja tena, atakuwa ameshafika mtu na sururu. Nimezaliwa huku na nimezeekea huku, na jambo hili nilikuwa nalijua vizuri kabisa. Ndiyo maana hasira nitakayoieleza hapa, nikitafuta wa kumbebesha, kila mara inarudi kwangu.

Mwaka jana, karanga zikiwa karibu kuvunwa, alikuja nyumbani kwangu, mtaa wa Nyahanga pembezoni mwa mji wa Kahama, mwalimu wa jiografia wa shule moja ya kata, huko vijijini, njia ya kwenda Mwakitolyo. Alikuwa binti mpole, akakalia ukingo wa kiti kana kwamba kiti chenyewe kimeazimwa. Alikuwa amesikia kwamba ujanani nilifanya kazi na wapima ardhi. Ni kweli. Nilipomaliza kidato cha nne niliwabebea wapima minyororo na nguzo zao kwa miaka kadhaa, porini, toka Kahama mpaka Runzewe, hadi nikajua kusoma ramani kuliko baadhi ya walionituma. Siku niliyoacha kazi niliondoka na karatasi moja ya ramani ya upande wa kwetu. Haikuwa yangu. Niliiiba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu."

"Babu, wanafunzi wangu ukiwauliza kontua ni nini, wanakujibu kwa Kiingereza bila kumeza mate. Ukiwaambia wakuonyeshe kaskazini, nusu wananyoosha mkono kwenye ubao."

"Na nusu nyingine?"

"Wanaangalia hao wa kwanza wamenyoosha wapi."

Alichotaka ni mchezo. Vikundi vinne vya wanafunzi, kila kimoja na nakala ya ramani na dira, watafute hazina iliyofichwa. Kituo cha kwanza wangekuta maelezo ya kwenda cha pili, cha pili maelezo ya kwenda cha tatu, mpaka cha tano, kwenye sanduku la bati lenye daftari, mikebe ya jiometri na mpira mmoja wa miguu. Asiyejua kupima pembe wala kuhesabu miraba ya ramani angelala porini. Mwalimu hakuweza kupanga njia peke yake. Mimi niliweza, na niliposikia naambiwa hivyo nilijisikia nimerudi miaka ishirini na mitano.

Vituo vinne vya kwanza havikunisumbua. Kimoja kilikuwa nguzo ya zege ya wapima juu ya kilima cha mawe, kingine josho la ng'ombe lililokufa siku nyingi, cha tatu kalavati la korongo, cha nne lambo la kunyweshea mifugo. Kosa la kwanza lilikuwa la ramani yenyewe, ambayo ilikuwa mzee mwenzangu. Ilionyesha njia ambazo siku hizi ni mashamba, na haikuonyesha kilima kimoja kikubwa nilichokikuta kimesimama katikati ya tambarare. Kilikuwa kifusi cha wachimbaji. Nilizunguka kifusi hicho jua kali, nikiilaani dira, mpaka mchunga ng'ombe mmoja akaniambia, "Mzee, hicho kilima kina umri sawa na mwanangu wa mwisho."

Kituo cha tano nilikitaka kiwe mahali penye mwenyewe, sanduku lisiibiwe. Nikafikiria shamba la dada yangu.

Hapa inabidi nirudi nyuma. Dada ni mdogo wangu, mjane, na shamba hilo alirithi sehemu yake kwa baba kama mimi nilivyorithi yangu. Mimi yangu niliuza. Yeye alibaki akilima, na alikuwa na maksai wanne, wakubwa, waliozoea jembe la kukokota kiasi cha kugeuka wenyewe mwisho wa tuta. Miaka mingi iliyopita nilimwendea na ile karatasi ya wizi. Nikamwonyesha mistari, nikamwambia ramani inasema upande wa chini wa shamba lake umepitiwa na mwamba wenye dhahabu. Ramani haikusema hivyo. Ramani ilionyesha mwinuko na mkondo wa maji, basi. Lakini nilikuwa nimeona wenzangu wakitajirika, nikaamini kwamba mtu anayejua kusoma ramani hawezi kupitwa na wasiojua. Dada aliuza maksai wanne ili nilipe vibarua na magogo ya kuzuia kuta. Tulichimba mashimo matatu. Hatukupata kitu.

Kama ningemwambia hivyo, leo ningekuwa na kosa moja. Mimi nikamwambia tulifika kwenye mwamba, tukaiona mali kwa macho, ndipo maji yakatububujikia na kutufukuza. Nilifikiri nampunguzia uchungu. Nilichofanya ni kumpa kitu cha kushikilia. Tangu hapo alilima kwa jembe la mkono, na akiulizwa maksai wako wapi alijibu, "Waliingia kwenye shimo. Mali ipo, ni maji tu." Kijiji kizima kilijua maneno hayo kwa moyo.

Kwa hiyo nilipofika kumwomba kituo cha tano, aliitazama ramani mkononi mwangu kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma.

"Kaka, hiyo karatasi bado unayo?"

"Ni mchezo wa wanafunzi. Sanduku litakaa juu ya ardhi, chini ya jiwe bapa pale kwenye kichuguu. Hakuna kuchimba."

"Karanga zangu umeziona?"

Nilikuwa nimeziona. Upande wa chini, kuzunguka kichuguu, zilikuwa zimefunga ardhi yote, majani yameanza manjano. Mwaka wa nyuma yake jua lilikuwa limemkausha hadi mbegu. Mwaka huo karanga ndizo zilizokuwa chakula chake, ada ya mjukuu wake na mbegu ya msimu mwingine, vyote kwenye kipande kile kimoja.

"Sawa," alisema. "Kwa ajili ya watoto. Lakini jembe likigusa hapa kabla ya langu, kaka, usije hata kwenye msiba wangu."

Nikaapa.

Mwalimu alipendekeza tuweke kadi ndogo kwenye vituo, zifungwe kwa uzi, zisionekane na wapita njia. Nilimkatalia. Wapima hawafanyi kazi kwa kadi na uzi. Nilichonga vigingi vitano, nikavipaka rangi nyeupe kichwani, nikafunga kila kimoja utepe mwekundu. Mtu yeyote wa huku akisoma hapa ameshashika kichwa. Kigingi chenye utepe mwekundu, kwenye ukanda wa dhahabu, ndicho anachoweka mtu aliyepima eneo lake na anasubiri leseni. Nilijua. Nimevipigilia mwenyewe mamia. Lakini vilikuwa vinapendeza.

Kisha nikaenda Kahama mjini kutoa nakala. Kijana wa fotokopi aliiangalia ramani, akaangalia alama yangu ya msalaba kwenye kituo cha tano, akauliza, "Mzee, hapa kuna nini?"

Jibu lilikuwa rahisi. Daftari. Badala yake nilitabasamu, nikakunja karatasi taratibu, nikasema, "Huko ndiko kwenye kazi niliyoiacha zamani." Nilitaka tu aniangalie vile kwa muda kidogo zaidi. Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Nilisikia mtu akinong'ona, "Hiyo ramani ya Mjerumani hiyo. Angalia karatasi ilivyochakaa." Huku kwetu kuna watu wazima, wenye wake na watoto, wanaoamini kwamba Wajerumani walipokimbia walizika masanduku na kuacha ramani kwa wazee. Nilisikia, nikanyamaza. Nikatoka dukani nikitembea polepole.

Jumamosi ya mchezo ilifika. Kituo cha kwanza, juu ya kilima cha mawe, kilikwenda vizuri, isipokuwa kikundi kimoja kilichoondoka kwa kasi kuelekea mashariki wakati josho liko magharibi. Niliwapigia kelele hadi sauti ikakauka. Waliporudi nilimkuta kiongozi wao, msichana mrefu, ameiweka dira juu ya simu, na simu ina kifuniko chenye sumaku.

"Lakini babu, dira imesema huku."

"Dira imesema simu iko hapa!"

"Sasa kaskazini iko wapi?"

"Ondoa simu, itakwambia."

Kikundi kingine kilihesabu miraba ya ramani kutoka juu kwenda chini kama wanasoma gazeti. Cha tatu kilimlipa mchunga ng'ombe muwa ili awapeleke kwenye josho. Mwalimu alicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilitembea nyuma yao nikinung'unika, jua linanichoma utosi, nikisema kizazi hiki hakina lolote. Hata hivyo kalavati walilipata wenyewe. Walipiga magoti, wakalaza ramani chini, wakapima pembe, wakabishana, na ubishi wao ulikuwa wa maana. Kwa dakika chache nilifurahi.

Kwenye lambo hapakuwa na kigingi. Palikuwa na shimo mahali pa kigingi, lenye kina cha kiuno, na utepe wangu mwekundu ukiwa umefungwa kwenye baiskeli ya mzee mmoja aliyekaa anavuta sigara.

"Mwadila, mkubwa wangu," alinisalimu kwa Kisukuma. "Umechelewa. Hapa hakuna kitu, wameshasogea mbele. Wana ramani."

"Ramani gani?"

"Ya Mjerumani. Inauzwa mnadani, fotokopi, imetoka dukani Kahama."

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu hakimbii, lakini nilikimbia, na wanafunzi wakanipita wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Tuliwakuta kwa dada. Sikuwahesabu, walikuwa wengi kama watu wa rashi yoyote, ile mbio ya kila mtu kuwahi eneo pakisemwa pametoka mali. Walikuwa wameshagawana kipande cha chini kwa kamba za katani, kila kundi na eneo lake, na kwenye kila eneo karanga zilikuwa zimeng'olewa na kutupwa kando ili udongo uonekane. Mashimo saba au manane yalikuwa yameanza. Wawili walikuwa wamekaa kwenye jiwe bapa la kichuguu wakinoa sururu. Sanduku langu lilikuwa chini ya makalio yao.

Dada alikuwa katikati, amepiga magoti, anakusanya miche iliyong'olewa na kuipanga kwenye kanga. Hakupiga yowe. Aliponiona alisema tu, "Uliapa, kaka," akaendelea kukusanya.

Aliyewaongoza alivaa kofia ngumu ya njano, mtu wa makamo, mchangamfu, akaja kunipokea kana kwamba mimi ndiye mgeni wake wa heshima.

"Shikamoo, mzee! Usiwe na wasiwasi, fungu lako tumelitenga."

"Tokeni humu. Huu ni mchezo wa shule."

"Mchezo." Akawageukia wenzake. "Jamani, mzee anasema ni mchezo."

Walicheka mpaka mmoja akaegemea beleshi. "Mzee mzima na dira juani wiki nzima," alisema huyo, "anacheza kombolela!"

Niliwaondoa wale wawili kwenye jiwe, nikaliinua, nikatoa sanduku, nikalifungua mbele yao wote. Daftari. Mikebe. Mpira.  Nikadhani yamekwisha.

Kofia ya Njano alichukua daftari moja, akalipekua kurasa zote, akalirudisha kwa adabu. "Mzee, una akili sana," alisema. "Umeweka hiki juu ili wezi wakikikuta wakate tamaa. Jamani, mali iko chini yake. Chimbeni."

Na wakachimba! Nilishika mkono wa mmoja, akanisogeza pembeni taratibu kama anavyosogezwa mbuzi. Mwalimu alisema ni mali ya mtu, wakamjibu watamlipa mwenye shamba mali ikitoka. Akampigia simu mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa harusini Kahama. Na katikati ya hayo yote yule msichana mrefu ananivuta shati. "Babu, kikundi chetu ndicho kimefika cha kwanza. Mpira ni wetu?"

"Nyamaza!" nilimfokea. Naye hakuwa na kosa lolote.

Nilimwendea tena Kofia ya Njano. "Nani amekwambia hapa kuna dhahabu? Ramani haisemi."

"Si wewe?" alinijibu, naye akaonekana kushangaa kweli. "Kila mtu anajua, mzee. Mlifika kwenye mwamba, mkaona mali, maji yakawafukuza. Hatukuja kwa sababu ya karatasi peke yake. Karatasi tungeicheka." Akanyoosha mkono nyuma ya mstari wa mkonge unaokata shamba, mahali mashimo yangu matatu yalipo. Palikuwa na mashine ndogo juu ya toroli, na mpira wake mrefu umekunjwa. "Tumekuja na pampu. Maji ya siku hizi hayatishi mtu."

Niliitazama pampu ile. Wameisukuma juani kutoka sijui wapi, kuja kuvuta maji niliyoyatunga mimi mwenyewe jikoni kwa dada yangu, nikila ugali wake. Nilimtazama dada. Mikono yake ilikuwa imesimama. Alikuwa ananisubiri niseme kitu, na nadhani alitaka niseme kwamba ni kweli.

Nyuma yake sururu ziliendelea. Robo ya kipande ilikuwa imeshaliwa.

"Maji hayakuwapo," nilisema.

"Unasemaje?"

"Hayakuwapo maji. Hatukufika kwenye mwamba. Nilidanganya."

"Sasa ndiyo unadanganya," alisema yule mwenye beleshi. "Mzee anataka abaki peke yake."

"Nendeni mkaone kifusi changu," nikamwambia Kofia ya Njano. "Kiko pale pale kando ya mashimo, kimeota nyasi. Wewe ni mchimbaji. Mimi nikidanganya, kifusi hakidanganyi."

Alichukua sururu yake. Kisha akaenda, na baadhi wakamfuata, na mimi nikafuata. Alipasua nyasi kwa ncha ya sururu, akachimbua kifusi cha shimo la kwanza, la pili, la tatu. Akasugua udongo kiganjani, akaulowesha kwa mate. Akaagiza karai na maji ya kunywa ya mtu fulani, akaosha, akalizungusha karai juani. Halafu akasimama.

"Udongo mwekundu mtupu," alisema. "Hata kipande cha jiwe jeupe, lile linalobeba dhahabu, hakuna. Mzee, hamkufika popote. Hivi ni vyoo."

Walicheka, lakini si kwa furaha. Mmoja alinitukana kwa Kisukuma, tusi la zamani ambalo sikuwa nimelisikia tangu shule ya msingi. Waliondoka kwa mafungu kama walivyokuja. Kofia ya Njano peke yake alipita kwa dada, akavua kofia. "Mayu, mama yetu, utusamehe," alisema. Dada aliendelea kukusanya miche, naye akaondoka akisukuma pampu yake.

Mwalimu aliwaingiza wanafunzi shambani wachambue karanga kwenye miche iliyong'olewa na kufukia mashimo. Nyingi zilikuwa hazijakomaa, zina maganda laini. Mimi nilikaa chini karibu na dada. Alikuwa anachambua bila kuniangalia.

"Maji hayakuwapo," alisema.

"Hayakuwapo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, dada."

Aliminya ganda moja, likatoa maji meupe, akalitupa. "Mimi kila mvua ikinyesha nilikuwa nasema, ndiyo hayo yanazidi kujaa huko chini." Akachambua mche mwingine. "Nilikuwa nayaonea hasira maji."

 Nilichukua mche nikaanza kuchambua, akauchukua mkononi mwangu, akaurudisha kwenye kanga yake.

"Kesho uje na jembe," alisema.

"Nitakuja. Mashimo yaliyobaki nitafukia."

"Ya leo wanafukia watoto. Wewe una yako matatu."

Nimekuwa nikija tangu siku hiyo. Nalala kwa jamaa yangu mmoja kijijini, asubuhi naenda na toroli na beleshi. Shimo la kwanza limekwisha, la pili limebaki kina cha mtu. Mgongo haukubali zaidi ya toroli kumi kwa siku. Karanga zilizobaki zilivunwa, hazikutosha, na mbegu ya msimu huu nimeileta mimi. Aliipokea mlangoni bila kunikaribisha ndani. Ramani nilimpa mwalimu. Anasema wanafunzi wanaijua kaskazini sasa, hata usiku.

Kinachonikera ni wapita njia. Njia ya mnadani inapita pale pale, na hakuna anayeweza kumwona mzee ndani ya shimo akapita zake. Ukiwaambia unafukia, wanakonyezana. Mtu anayefukia ana kitu anaficha. Juzi walisimama wawili na baiskeli, wakaniuliza mara tatu mali imetokea upande gani. Nilikuwa nimechoka hata kujibu.

Dada alikuwa anapalilia upande wa pili wa mkonge. Ndiye aliyewajibu, bila kuinua kichwa.

"Mwacheni," alisema. "Anawatafuta maksai wangu."